Wakisema Majeshi Yameondoka, Tuulize Nani Ameingia

Mwezi huu tulikuwa tumejiandaa kuandika juu ya usafi wa vyoo vya shule. Habari hiyo itakuja mwezi ujao tukijaliwa, kwa sababu kuna jambo limetukuta shuleni ambalo tumeona haliwezi kungoja.

Asubuhi moja, kabla ya kengele ya kwanza, mama mmoja alikuja kwenye ofisi ya walimu na watoto wake wawili. Mmoja yuko darasa la sita, mwingine la tatu. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kama mtu anayekwenda safari. Alitaka barua za uhamisho. Tukamuuliza, "Mama, mnahamia zoni gani?" Akasema, "Hatuhamii zoni. Tunarudi Uvira. Dada yangu amepiga simu, anasema wale masoda wameondoka."

"Wale gani, mama?" mwenzetu mmoja akamuuliza.

"Si wale."

Halafu yeye mwenyewe akaanza kuhesabu kwa vidole. Kulikuwa na MONUSCO, hao waliondoka zamani. Kulikuwa na Warundi, hao hajui kama wamebaki au la. Kulikuwa na M23. Kulikuwa na jeshi la serikali, lilikimbia, labda limerudi. Na Wazalendo. Vidole vya mkono mmoja vikaisha. Akacheka kidogo, akasema, "Basi walimu, wameondoka tu."

Barua tukaziandika, maana ni haki yake. Bahati mkuu wa shule hakuwepo siku ile na muhuri uko kwake, ndiyo maana tukapata muda wa kuketi na yule mama na kuzungumza. Baadaye tukaketi pia na wazee watatu wa kijiji chetu, kisha tukasoma tulichoweza kupata. Haya tunayoandika hapa ndiyo tuliyoyakusanya. Gazeti letu halichagui upande wa mtu yeyote, tunajua majirani tulio nao na tunataka tuendelee kuteka maji kwenye bomba moja.

Wengi wetu walimu tulizaliwa hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Uvira tunaijua kwa kusimuliwa. Kwa hiyo tulipowaambia wazee kwamba majeshi yameondoka Uvira, tulishangaa kuona hawakufurahi. Mmoja aliyekuwa mvuvi alituuliza, "Safari hii au ile ya 2002?"

Ile ya 2002 ilikuwa hivi. Tarehe 30 Julai mwaka huo, mjini Pretoria, Rais Joseph Kabila na Rais Paul Kagame walitia sahihi mapatano. Rwanda itoe askari wake Kongo, na Kongo nayo iwakusanye na kuwanyang'anya silaha Interahamwe pamoja na askari wa zamani wa Rwanda waliokuwa msituni. Walipewa siku 90. Mwezi wa tisa malori yakaanza kuondoka, na tarehe 5 Oktoba Rwanda ikatangaza kwamba imemaliza, askari zaidi ya 20,000. Uganda nayo ilisaini yake na Kongo mjini Luanda mwezi ule wa tisa. Zimbabwe, Angola na Namibia, waliokuja kusaidia upande wa serikali, nao walitoa watu wao miaka hiyo hiyo. Ukisoma karatasi zile peke yake utasema vita viliisha.

"Tulisimama barabarani kuangalia malori yakielekea uwanda wa Ruzizi," mzee anakumbuka. "Wengine walipiga makofi. Mke wangu hakupiga. Alisema, nyumba imeachwa wazi, nani atalala mlangoni?"

Oktoba haikuisha. Katikati ya mwezi Mai-Mai waliteremka milimani wakaingia Uvira. RCD, waliokuwa wameshika mji kwa kuungwa mkono na Rwanda, wakakimbia. Ikapita kama wiki moja, RCD wakarudi wakauteka mji tena. Watu waliokimbia mara ya kwanza walikuwa bado hawajarudi, na waliobaki wakakimbia mara ya pili. Wengine walivuka kwenda Burundi, wengine wakapanda mitumbwi mpaka Kigoma. Baadhi yao ndio tunaopanga nao foleni ya mgao leo.

Na wale wa Umoja wa Mataifa walikuwa wapi? Hilo watoto wa darasa la sita walituuliza kabla hatujamaliza kusimulia. MONUC ilianzishwa mwaka 1999 baada ya mapatano ya Lusaka. Februari 2000 Baraza la Usalama liliruhusu wafike askari 5,537, na ndani ya hao hadi 500 wawe waangalizi, watu wa kutazama na kuandika ripoti. Tukawaambia watoto wapige hesabu. Kongo ina kilomita za mraba kama 2,345,000. Gawanya kwa 5,537. Jibu likatoka 423 na zaidi kidogo. Yaani kila askari mmoja, hata yule mpishi na yule mwenye homa, alinde peke yake kilomita za mraba 423. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, huyo hata kuku hawezi kulinda." Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka, lakini hesabu ilikuwa sahihi. Idadi iliongezwa baadaye, mara 8,700, mara 10,800, na mwaka 2004 ikaruhusiwa 16,700. Ila ongezo karibu kila mara lilikuja baada ya watu kufa, si kabla.

Bunia ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mei 2003 Uganda ilitoa askari wake mjini Bunia kama ilivyoahidi. MONUC ilikuwa na askari wa Uruguay kama 700 tu pale, na amri waliyokuwa nayo haikuwa ya kuingia kati ya makundi yanayopigana. Jeshi la kuondoka likaondoka, wanamgambo wakaingia mitaani siku zile zile, mamia ya watu wakauawa, na maelfu wakajazana kando ya uzio wa Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Ilibidi Juni 2003 Umoja wa Ulaya ulete jeshi la haraka likiongozwa na Ufaransa, likakaa mpaka Septemba, ndipo MONUC yenye nguvu zaidi ikashika nafasi. Waganda kuondoka lilikuwa jambo ambalo watu wengi walilidai, na walikuwa na sababu zao. Kosa lilikuwa lile pengo la wiki chache lililoachwa bila mtu.

Hapa tufafanue kidogo, maana tumeona hata watu wazima wanachanganya. Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Askari wa kofia za bluu ni wa kuazimwa: Pakistan inatoa wake, India inatoa, Uruguay, Bangladesh, Afrika Kusini, na hata Tanzania hii tunayoishi. Kila nchi ina wakubwa wake nyumbani wanaouliza kwa nini kijana wao amekufa mbali. Baraza la Usalama lenye nchi 15 ndilo linaloandika amri: mtafanya hiki, hamtafanya kile, na mtakaa mpaka tarehe fulani. Tarehe ikifika linakaa tena kuamua. Na serikali ya nchi yenyewe ikisema hatuwataki tena, ni vigumu sana wabaki. Kwa hiyo mlinda amani ni mgeni mwenye tarehe ya kuondoka tangu siku anayoingia. Tunadhani wengi wetu hatukuambiwa hivo. Tuliona magari meupe kila siku, tukadhani ni kama mlima, yatakuwepo tu.

Wazee wetu hawakubaliani juu ya hao wageni. Mmoja anasema walikuwa watalii wenye bunduki. Anataja Mutarule, Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa usiku, wengi wao wanawake na watoto, na kambi ya MONUSCO ilikuwa Sange, si mbali. Jina lilikuwa limebadilika mwaka 2010 kutoka MONUC kuwa MONUSCO, lakini kwa watu wa Mutarule halikubadilika kitu usiku ule. Anataja pia Goma, Novemba 2012, M23 walivyoingia mjini mbele ya macho yao. Mzee mwingine anamjibu kwamba mwaka uliofuata, 2013, ilipoletwa brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi yenye ruhusa ya kushambulia, M23 walishindwa kabla mwaka kwisha. Na anasema gari jeupe likipita barabarani asubuhi, siku hiyo mkewe alikuwa anakwenda shambani. Lisipopita, haendi. Sisi tulisikiliza wote wawili, tukaona kila mmoja anasema alichokiona kwake. Yule wa gari jeupe hakuwa anaishi Mutarule.

Watu walichoka, hilo ni kweli. Julai 2022 waandamanaji walivamia kambi za MONUSCO huko Goma na Butembo, na zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo walinda amani wenyewe. Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi aliomba kuondoka kuharakishwe, na Desemba Baraza la Usalama likakubali. Tarehe 28 Februari 2024 kambi ya Kamanyola, iliyokuwa ya Wapakistani, ilikabidhiwa polisi wa Kongo. Mwisho wa Juni 2024 MONUSCO ilikuwa imemaliza kazi Kivu ya Kusini yote, na Uvira na Fizi zimo humo. Kivu ya Kaskazini na Ituri ilibaki, kwa sababu serikali yenyewe iliona hali huko hairuhusu. Desemba 2025 Baraza likaiongezea mwaka mmoja.

Tuseme haraka haraka habari za wengine, maana mama yule hakuwataja lakini wapo kwenye hesabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta jeshi lake kuanzia Novemba 2022. Kongo haikuliongezea muda, likaondoka Desemba 2023. Mwezi huo huo likaingia jeshi la SADC: Afrika Kusini, Tanzania, Malawi. Januari 2025 M23 wakauchukua Goma. Machi 2025 viongozi wa SADC wakafunga ile kazi, na mwisho wa Aprili malori yao yakaanza kupita Rwanda kuja Tanzania. Ndani ya miaka mitatu, majeshi matatu ya kigeni yaliyokuja kwa jina la amani yamefunga mizigo yote au sehemu. Hapo hatujahesabu yale ambayo hayakuja kwa jina la amani.

Sasa turudi Uvira, kwa dada wa yule mama. Februari 2025 Bukavu uliangukia mikononi mwa M23. Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi na Rais Kagame walikuwa Washington wakitia sahihi mapatano ya amani. Tarehe 10 Desemba, siku sita baadaye, M23 wakaingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Kivu ya Kusini haikuwa tena na kambi ya MONUSCO ambayo mtu angekimbilia ukuta wake. Marekani ikashinikiza, M23 wakatangaza kwamba wataondoka, na Januari 2026 wakatoka mjini. Jeshi la serikali na Wazalendo wakaingia, na uporaji ukaripotiwa siku hizo. Hiyo ndiyo "wameondoka" iliyosafiri kwa simu mpaka Nyarugusu. Neno lenyewe lilikuwa la kweli kabisa. Dada hakudanganya.

Mzee mvuvi alipoisikia hiyo habari yote kwa mpangilio alinyamaza, halafu akasema ni ile ile ya Oktoba 2002, wamebadilisha sare tu. Sisi hatutaki kwenda mbali hivo. 2002 mji ulibadilisha mikono mara mbili kwa wiki moja, na hatujui kama haya yatakuwa hayo. Ila tulijifunza swali la kuuliza.

Tulimwambia mama: mpigie dada tena, salio tutakusaidia. Usimuulize kama wameondoka. Muulize usiku nani anashika doria mtaani kwao. Muulize zile kambi za zamani za MONUSCO leo analala nani ndani. Barabara ya kwenda Baraka ina vizuizi vingapi, na kwenye kila kizuizi anayedai pesa ni nani, ni mmoja au wanabadilishana. Shule imefunguliwa, walimu wamerudi au ni wanafunzi tu? Wanawake wanakwenda shambani peke yao? Na la mwisho, yeye dada mwenyewe analala wapi?

Mama alikwenda pembeni chini ya mwembe, akapiga. Aliongea kibembe na kiswahili vikachanganyika, tukawa tunasikia "eh" na "kumbe" tu. Aliporudi hakuketi. Alisema dada analala Makobola kwa mashemeji. Mchana anakuja Uvira kuangalia nyumba, jioni anarudi kulala huko. "Ameniambia nirudi," mama akasema, "na yeye mwenyewe hajarudi."

Tusieleweke vibaya. Hatusemi watu wasirudi. Nyumbani ni nyumbani, na hakuna anayependa kula unga wa kupimiwa miaka ishirini na zaidi. Kuanzia Oktoba 2005 watu wa Fizi na Uvira walipanda meli Kigoma kwenda Baraka kwa hiari yao, maelfu kwa maelfu, mpaka kambi ya Lugufu ikafungwa 2009. Wako waliojenga, wakalima, wakasomesha, na hatuwasikii tena kambini kwa sababu mambo yao ni mazuri. Wako pia waliorudi huku. Familia ya mmoja wetu walimu ilipanda meli ile, ikakaa miaka kadhaa, ikarudi ikiwa pungufu mtoto mmoja. Ameomba tusiandike zaidi ya hapo.

Tunachosema ni kwamba anayetaka kurudi asiondoke kimya kimya usiku na mzigo kichwani. Apite ofisi inayoshughulika na kurudi kwa hiari, aulize, aandikishwe, ajue safari ikoje. Jina likishafutwa kwenye kadi ya mgao, kulirudisha si kazi ndogo, na mtoto aliyetolewa shule katikati ya mwaka huanza upya huko aendako, kama ipo. Na baba akisema atangulie mwenyewe aangalie, hilo si wazo baya, ila aache namba ya simu ya mtu wa tatu.

Wazazi wenye ndugu Uvira, Fizi, Kamanyola au kwingine, tumepanga kuketi pamoja Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya saa tisa, darasa la sita, chumba kile chenye ramani. Kila mmoja aje na alichosikia kwa ndugu yake wiki hiyo, na aseme amekisikia lini na kwa nani. Tutaandika ubaoni. Tunadhani kwa watu thelathini tutaona picha ambayo simu moja haiwezi kuonyesha. Wazee waje pia, hasa wale wasiokubaliana.

Mkuu wa shule alirudi siku iliyofuata akapiga muhuri barua zote mbili. Tulimtuma mtoto amwite mama aje kuzichukua. Mama alikuja jioni, bila kile kitenge cha safari, mikono ina unga wa mihogo. Alizisoma barua taratibu, akaangalia majina kama yameandikwa sawa, akatusahihishia herufi moja ya jina la mdogo. Kisha akaturudishia.

"Ziwekeni kwenye sanduku lenu," akasema. "Kwangu mvua inavuja. Dada akilala kwake wiki mbili mfululizo, nitakuja kuzichukua."

Ziko kwenye sanduku. Yule wa darasa la sita bado anakaa dawati la pili upande wa dirisha, na kila Jumatatu akiingia anatuambia shangazi au mama yake mdogo alilala wapi wiki hiyo.